Kompyuta iliyogoma kuanzia tarehe 13

Mzee mmoja wa Chita alipeleka magunia yake ya mpunga ghalani tarehe 1 Juni, akapewa stakabadhi, akarudi nyumbani. Alipokwenda kuuza mwezi uliofuata alikuta gharama ya kuhifadhi imepanda hadi ya nusu mwaka. Kompyuta ilionyesha kuwa mzigo wake umelala ghalani tangu Januari. "Mwanangu," alimwambia karani, "Januari mpunga huu ulikuwa mche. Mliupokea kutoka wapi?"

Karani hakuwa na jibu. Alifungua leja ya karatasi na kukuta tarehe 1 Juni, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akamwomba mzee radhi, akakata hesabu ya kompyuta kwa kalamu, mzee akalipa anachostahili na kuondoka. Kwa mzee yaliishia hapo. Kwa karani hayakuisha, maana hakuwa mteja wa kwanza kulalamika na hakuna aliyeweza kumwambia ni lini jambo hilo litatokea tena.

Chita imekaa pale milima ya Udzungwa inapoishia na bonde la Kilombero linapoanza, kwenye barabara itokayo Ifakara kwenda Mlimba. Reli ya TAZARA inapita, kambi ya JKT ina mashamba yake, na ukifika msimu wa mavuno hakuna habari nyingine ila mpunga: matrekta, bodaboda zenye magunia nyuma, maturubai ya kuanikia kando ya barabara, mashine za kukoboa zinazounguruma hadi giza linaingia. Ghala ninalolizungumzia ni dogo, la watu binafsi, na mlango wa pili lina mashine yake ya kukoboa. Wenyewe wameniruhusu kueleza yaliyowapata, mradi jina lao lisitajwe.

Rekodi za ghala zinatunzwa kwenye jedwali la Excel. Karani anaandika jina la mteja, idadi ya magunia, uzito, na tarehe ya kupokea. Jedwali linachukua tarehe ya leo, linatoa ile ya kupokea, linapata idadi ya siku, na siku ndizo zinazozaa gharama. Kila mwezi una ukurasa wake. Kompyuta ziko mbili: ya mezani, ambayo ndiyo ya kila siku, na ya mkononi, ya mtumba, ambayo sifa yake kubwa ni betri. Umeme ukikatika, ya mezani inazimika na karani anahamia kwenye ya mkononi ili foleni isisimame. Umeme ukirudi, anahamisha faili kwa flashi na kuendelea alipoishia.

Hitilafu ilikuja kwa sura tatu. Wakati mwingine safu ya gharama ilijaa maandishi #VALUE! badala ya fedha. Wakati mwingine mteja alidaiwa miezi ambayo mzigo wake haukuwapo. Na wakati mwingine deni lilitokea na alama ya kutoa mbele yake, kana kwamba ghala ndilo linalodaiwa na mkulima. Karani alilichukulia kuwa sifuri na kumruhusu mtu aende. Kwa muda mrefu mambo haya yalichukuliwa kuwa matatizo matatu tofauti. La kwanza lilikuwa la kompyuta, la pili la karani aliyechoka, na la tatu halikuwa tatizo la yeyote kwa kuwa hakuna mteja aliyelalamika.

Fundi aliitwa. Alisema ni virusi, akapiga Windows upya kwenye kompyuta ya mkononi. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi. Wiki nzima ikapita bila #VALUE! hata moja, fundi akalipwa haki yake na kila mtu akaridhika. Katikati ya mwezi maandishi yale yakarudi. Fundi akaitwa tena mwezi ulipokuwa ukiisha, akapiga Windows kwa mara nyingine, karani akafungua ukurasa mpya wa mwezi mpya, na kompyuta ikapona. Fundi huyu ninamheshimu, alifanya kazi kwa moyo na kwa bei ya kijijini. Lakini hapo ndipo hitilafu za namna hii zinapowadanganya hata watu makini: kitu kinachokuja na kuondoka chenyewe huipa sifa dawa yoyote iliyotolewa siku kinapoondoka.

Watu husema hitilafu kama hiyo inatokea mara moja moja, na wakishasema hivyo huwa wamefunga mjadala. Mimi nimeshawishika kwamba karibu kila kinachoitwa cha mara moja moja kina ratiba yake. Kompyuta haina siku mbaya. Ikipewa maelekezo yale yale katika hali ile ile, itarudia kosa lile lile kwa uaminifu. Kinachobadilika ni hali, na mara nyingi hali hiyo iko nje ya kompyuta, mahali ambapo fundi hakai: kwenye vidole vya anayeandika, kwenye kalenda, kwenye nguzo ya umeme.

Anayekaa hapo ni karani. Baada ya kisa cha mzee wa mpunga wa Januari, dada huyu alinunua daftari la kawaida la shule na kuanza kuandika kila kitu kilipoharibika: tarehe, saa, kompyuta gani, ameandika nini, kimetokea nini. Daftari hilo nimelishika. Kurasa za mwanzo ni za mtu anayebahatisha. Kuna mahali ameandika kwamba siku hiyo kulikuwa na joto kali, na mahali pengine kwamba flashi ilikuwa ya kuazima. Baada ya majuma machache kalamu yake inaanza kupigia mstari jambo moja. #VALUE! haikuwahi kutokea kabla ya tarehe 13. Na kila ilipotokea, ilikuwa kwenye kompyuta ya mkononi.

Akaziweka kompyuta mbili pamoja kwenye meza, akafungua ukurasa mtupu kwenye kila moja. Nilimwomba anionyeshe alichofanya, naye akarudia mbele yangu. Kwenye ya mezani aliandika 14/6 na mwaka, akabonyeza kitufe cha kuingiza. Tarehe ikasogea na kuegemea upande wa kulia wa kisanduku. Kwenye ya mkononi aliandika vile vile, herufi kwa herufi, akabonyeza; haikusogea, ilibaki imeegemea kushoto. Tofauti yote ilikuwa hiyo, nafasi ya upana wa kidole. Excel husogeza kulia kila inachokitambua kuwa namba, na tarehe kwake ni namba, hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900. Isichokitambua inakiacha kushoto kama maandishi tu. Kompyuta ya mkononi haikuitambua 14/6 kuwa tarehe.

Sababu yake ni nyepesi ukishaambiwa. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Wamarekani huanza na mwezi. Windows inapopigwa upya huuliza nchi, na anayebonyeza kuendelea bila kuchagua mara nyingi huachiwa utaratibu wa Marekani. Kwa kompyuta hiyo, 14/6 ni siku ya sita ya mwezi wa kumi na nne. Hakuna mwezi wa kumi na nne, kwa hiyo ikayaacha yale kuwa maandishi, na hesabu ya siku iliyoyategemea ikatoa #VALUE!. Faili hilo hilo likihamishiwa kwenye kompyuta ya mezani, yenye utaratibu wa kwetu, maandishi yale yalisomeka kama tarehe na hesabu ikatoka sawa. Ndiyo maana fundi alipotaka kuonyeshwa kosa umeme ukiwapo, halikuonekana.

Sasa rudi kwenye tarehe 1 hadi 12. Hapo kompyuta ya mkononi haikulalamika hata kidogo, kwa kuwa kila namba kati ya 1 na 12 inafaa kuwa mwezi. Ukiandika 1/6 inaelewa tarehe 6 Januari. Ukiandika 5/6 inaelewa tarehe 6 Mei. Tena inakurudishia machoni 1/6 vile vile ulivyoiandika, kwa hiyo jicho halioni kitu. Waliopeleka mpunga kati ya tarehe 1 na 5 Juni walidaiwa siku ambazo hazikuwapo. Tarehe 6 Juni ilitoka sahihi, maana 6/6 haina upande. Waliopeleka kuanzia tarehe 7 hadi 12 waliandikiwa Julai, Agosti, hadi Desemba, miezi isiyofika bado, na deni lao likawa la alama ya kutoa. Sura zote tatu za hitilafu zilikuwa jambo moja likitazamwa siku tofauti za mwezi.

Ningependa msomaji atulie hapo kidogo. Ghala lilimwita fundi kwa sababu ya #VALUE!, yaani kwa sababu ya siku ambazo kompyuta ilikataa kufanya inachoshindwa kuelewa. Siku hizo hakuna mteja aliyeumia. Karani aliona kosa, akafungua leja, akapiga hesabu kwa mkono. Hasara ilikuwa kwenye siku za mwanzo wa mwezi, zile ambazo fundi alizihesabu kuwa za uponyaji.

Kisa maarufu kuliko vyote cha hitilafu ya kuingiza taarifa kilitokea mbali na Kilombero, na kiliua watu. Therac-25 ilikuwa mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa na shirika la nishati ya atomiki la Kanada, AECL. Zilifungwa 11 katika hospitali za Kanada na Marekani. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 kulitokea ajali sita zinazojulikana, ambamo wagonjwa walipigwa mionzi mingi kupita kiasi. Mbili kati ya hizo zilitokea katika kituo cha saratani cha Tyler, Texas, mwaka 1986, Machi 21 na Aprili 11, mikononi mwa mwendeshaji mmoja.

Mama huyo alikuwa hodari wa kibodi. Siku ya kwanza aliandika X, herufi ya eksirei, mahali alipotakiwa kuweka E ya elektroni. Akaliona kosa, akapandisha kishale, akarekebisha, akashuka hadi chini na kuanzisha tiba. Skrini ikaandika Malfunction 54 na kuonyesha kuwa mgonjwa amepata kipimo kidogo kuliko kilichoagizwa. Mashine hiyo ilikuwa na desturi ya kutoa malalamiko mengi kila siku, hivyo akabonyeza P ili kuendelea. Ndani ya chumba mgonjwa alikuwa amepigwa karibu mara mia ya kipimo chake. Alifariki miezi mitano baadaye. Wa pili, wa Aprili, alifariki ndani ya wiki tatu.

Wahandisi wa kampuni walikuja Tyler baada ya ajali ya kwanza, wakaijaribu mashine, hawakuona kitu, nayo ikarudishwa kazini. Baada ya ajali ya pili, mwanafizikia wa kituo, Fritz Hager, aliisimamisha mwenyewe na kukaa na yule mwendeshaji. Akamwomba akumbuke alichobonyeza, kwa mpangilio wake na kwa mwendo wake. Walirudia na kurudia hadi wakaweza kuitoa Malfunction 54 kila walipotaka. Siri ilikuwa kasi. Sumaku za mashine zilihitaji kama sekunde 8 kujipanga, na mtu aliyerekebisha herufi na kumaliza ndani ya sekunde hizo, programu haikuyaona marekebisho yake. Wahandisi walikuwa wakiandika polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kitu. Mwendeshaji aliandika kama mtu mwenye foleni mlangoni. Programu ile ilikuwa salama kwa wageni na hatari kwa wazoefu, na kampuni haikupata kulijua hilo hadi ilipoelekezwa kuandika kwa haraka.

Chicago nako kulikuwa na mashine ya kizazi kilichotangulia, Therac-20, yenye kosa hilo hilo ndani ya programu. Yenyewe ilikuwa na vizuizi vya umeme vilivyokata mkondo kabla mgonjwa hajadhurika. Frank Borger, mwanafizikia wa huko, alikuwa ameona jambo la ajabu: fyuzi zilikuwa zikiungua mara kwa mara kila lilipoingia kundi jipya la wanafunzi, kisha baada ya muda zinaacha. Wanafunzi walikuwa wakiandika ovyo, wakirekebisha huku na huko. Wakishazoea kazi, fyuzi zinapumzika. Habari za Tyler zilipomfikia alielewa alichokuwa akikiona. Fyuzi za Chicago zilifuata kalenda ya chuo jinsi #VALUE! ya Chita ilivyofuata kalenda ya mwezi na kukatika kwa umeme.

Kilombero yenyewe si ngeni kwa kazi ya kulinda tarehe. Tangu 1996 taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara imekuwa ikifuatilia kaya za vijiji vya Kilombero na Ulanga, wahojaji wakirudi nyumba kwa nyumba kuuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Kazi ya namna hiyo inasimama juu ya tarehe, kwa sababu umri wa mtoto aliyefariki ukikosewa kwa mwezi mmoja anaweza kuhamia kundi jingine la takwimu. Programu iliyotumika awali, iliyokuwa ikitumika pia Navrongo huko Ghana, iliandikwa kwa wazo kwamba kila taarifa inayoingia lazima ipatane na zilizomo: mtu hawezi kufa kabla ya kuzaliwa, mama hawezi kujifungua mara mbili ndani ya miezi michache. Isiyopatana inakataliwa, na mhojaji anarudi kijijini kuuliza upya.

Hata hivyo kuna mambo yanayopita kwenye chujio hilo, na moja liko kwetu kila siku. Tunahesabu saa kuanzia macheo. Mtoto aliyezaliwa saa mbili asubuhi, kwenye fomu yenye saa 24 anatakiwa kuandikwa 8:00. Mwandishi aliyechoka anaandika 2:00, na kompyuta inapokea bila neno, maana saa hiyo ipo. Aliyezaliwa saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi kwa mama yake ni wa Ijumaa usiku, kwa kompyuta ni wa Jumamosi. Fomu moja ikijazwa na wauguzi wawili, mmoja akibadilisha saa kichwani na mwingine akiandika kama alivyoambiwa, utapata hitilafu inayokuja na kuondoka kwa kufuata zamu. Ukitaka kuijua ratiba yake, usifungue kompyuta. Fungua orodha ya zamu.

Tarehe za Excel zimewasumbua hata wanasayansi wakubwa. Kuna jeni za binadamu zilizokuwa zikiitwa SEPT1 na MARCH1, na kila mtu alipoziandika kwenye jedwali zilijigeuza kuwa siku za Septemba na Machi. Uchunguzi uliochapishwa 2016 ulikuta makosa ya aina hiyo katika karibu moja ya tano ya makala za jenetiki zilizoambatanisha orodha za jeni kwa Excel. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni ilitangaza kuwa imebadilisha majina 27. Sidhani kama hilo ni jambo la kufurahia. Programu ilipaswa kuuliza kabla ya kugeuza.

Chita hawakuwa na kamati. Karani alibadilisha mpangilio wa nchi kwenye kompyuta ya mkononi, kazi isiyozidi dakika moja. Kisha akafanya jambo ambalo naliona la maana zaidi: kila ukurasa wa mwezi aliufungia, ukubali tarehe za mwezi huo tu. Ukurasa wa Juni ukipewa kitu unachokielewa kuwa Januari, unakataa papo hapo, mteja akiwa bado amesimama dirishani na stakabadhi haijachanwa. Amejizoesha pia kuandika mwezi kwa herufi tatu za Kiingereza ambazo Excel yao inazijua, Jun, Jul, Aug, kwa kuwa herufi hazina namna ya kugeuka siku.

Kubadilisha mpangilio hakukurekebisha yaliyokwisha kuingia. Tarehe 6 Januari iliyohifadhiwa ilibaki tarehe 6 Januari, na humo mlikuwa na rekodi za misimu miwili. Ni zipi zimepinda? Zile tu zilizoandikwa kwenye kompyuta ya mkononi, yaani zile za nyakati umeme ulipokuwa umekatika, na faili halikukumbuka hilo. Aliyekumbuka ni kijana wa mashine ya kukoboa. Yeye hulipwa kwa gunia na anapunjwa umeme unapokosekana, kwa hiyo huandika kwenye daftari lake kila unapokatika na kila unaporudi, siku na saa, ili bosi asije akamwambia alikuwa amelala. Karani aliazima daftari hilo, akalilinganisha na leja ya karatasi mstari kwa mstari, akapata orodha ya wateja waliotozwa zaidi. Mwenye ghala alikubali warudishiwe. Wale waliotozwa kidogo, kama waliopeleka mpunga kuanzia tarehe 7 hadi 12 Juni, aliamua wasiguswe.

Fundi naye alielezwa. Hakubisha. Aliomba aonyeshwe kwenye kompyuta zote mbili, akatazama, akauliza maswali mazuri, na sasa anazipitia alizowapigia watu Windows huko Mngeta na Mlimba, maduka ya pembejeo na ofisi za mashine. Jaribio lake ni hilo moja na halihitaji kifaa: anafungua ukurasa mtupu wa Excel, anaandika 14/6 na mwaka, anabonyeza, na kuangalia tarehe imeegemea upande gani. Ikiwa kushoto, anabadilisha mpangilio kisha anamwambia mwenye kompyuta atoe leja zake za karatasi, aanze na wateja wa tarehe 1 hadi 12.